Ndege Haistaafu: Tahakiki ya Istilahi za Kuondolewa kwa Ndege za Kivita

1. Utangulizi

Tarehe 26 Septemba 2025, katika mji wa Chandigarh, Jeshi la Anga la India liliziaga ndege zake za mwisho za aina ya MiG-21. Ndege hizo ziliingia katika jeshi hilo mwaka 1963, na kwa muda wa miaka 62 zilikuwa sehemu ya ulinzi wa anga la nchi hiyo. Mfasiri wa Kiswahili apokeapo habari ya namna hii aghalabu huimaliza kwa sentensi moja fupi, iliyokwisha kuwa ya mazoea: ndege hizo zimestaafu. Na iwapo habari yenyewe inaeleza pia kwamba idadi ya vikosi imeshuka, ataongeza kwamba jeshi limepungua, au hata kwamba vikosi vimevunjwa.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno hayo matatu, yaani kustaafu, kuvunja na kupungua, kama yanavyotumika kuelezea kuondolewa kwa ndege za kivita na kupunguzwa kwa majeshi ya anga. Hoja yetu ni kwamba maneno hayo, ingawa ni ya Kiswahili safi, yanapotumika ovyo humnyima msomaji mambo mawili anayoyahitaji: kwanza, nani aliyeamua, na pili, kitu chenyewe kiko wapi sasa.

Mwandishi wa makala haya hayumo nje ya lawama. Katika orodha moja ya istilahi za kijeshi aliyokabidhiwa kuipitia, alilikuta neno 'kustaafu' limeandikwa mkabala na dhana hii, naye akalipitisha bila ya kuuliza swali. Swali liliulizwa baadaye na mwalimu mmoja wa shule ya sekondari: ikiwa ndege za F-16 za Uholanzi zilistaafu mwaka 2024, imekuwaje ndege hizohizo zikahesabiwa mwaka huohuo katika vita vya Ukraine? Swali hilo halikuwa na jibu katika orodha ile. Makala haya ni jaribio la kulijibu.

2. Neno 'kustaafu' na mipaka yake

Neno staafu tumelipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuomba kusamehewa wajibu. Limo katika ukoo mmoja na maneno yetu afu na afya. Kwa hiyo, tangu asili yake, neno hili lina mtu ndani yake: mtu aliyekuwa na wajibu, akauomba uondolewe mabegani mwake. Matumizi ya leo hayakutoka mbali na hapo. Mtumishi wa umma nchini Tanzania aweza kustaafu kwa hiari akifika umri wa miaka 55, na hulazimika kustaafu akifika miaka 60. Hupewa barua, hulipwa kiinua mgongo, hupata pensheni, na akiitwa 'mstaafu' jina hilo ni la heshima.

Zaidi ya hayo, Kiswahili kimejitahidi sana kupambanua namna mbalimbali za mtu kuacha kazi. Aachaye kwa kupenda kwake kabla ya wakati hujiuzulu. Aondolewaye kwa kosa hufukuzwa. Aondolewaye kwa sababu nafasi yake haipo tena hupunguzwa kazini. Kuna pia kustaafishwa kwa manufaa ya umma, msemo ambao kila karani wa utumishi anaujua na hakuna mtumishi autakaye. Nayo miaka ya themanini ilitupatia 'kung'atuka', neno la Kizanaki ambalo Mwalimu Nyerere alilieneza alipoachia madaraka mwaka 1985, kwa kuwa maneno yaliyokuwapo hayakutosha kuibeba dhana aliyoikusudia. Karani atakayeandika 'amejiuzulu' mahali pa 'amefukuzwa' atakuwa ameleta kesi mahakamani. Lugha iliyo makini kiasi hicho juu ya mwandishi wa masjala haiwezi kukosa maneno juu ya ndege ya vita.

Wapo watakaosema kwamba hii ni sitiari tu, na kwamba lugha hukua kwa sitiari. Ndege yenyewe, watasema, tumeiita kwa jina la kiumbe mwenye manyoya. Tumeipa mabawa, pua, tumbo na mkia, wala hakuna aliyepotoka. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Bawa la ndege hufanya kazi ifanywayo na bawa la kiumbe, na kwa hiyo sitiari hiyo inamfahamisha msikilizaji. Sitiari ya kustaafu humwambia msikilizaji mambo matatu ambayo mara nyingi si kweli: kwamba ndege iliondoka kwa sababu ya umri, kwamba iliondoka yenyewe, na kwamba imepumzika. Tuyachunguze moja baada ya jingine.

Kwanza, suala la umri. Ndege za kutupa mabomu za B-52H za Marekani zilikamilishwa kutengenezwa mwaka 1962, na mipango ya jeshi la nchi hiyo ni kuzitumia hadi miaka ya 2050. Kwa upande mwingine, Afrika Kusini ilinunua ndege 26 za Gripen kutoka Sweden, ikazipokea kati ya mwaka 2008 na 2012. Na mwaka 2013 tayari zipatazo 12 zilikuwa zimewekwa ghalani kwa kuwa fedha za kuzirusha hazikutosha. Ndege kongwe iko kazini, na ndege mpya iko ghalani. Umri wa ndege ya kivita haupimwi kwa miaka peke yake: hupimwa kwa saa ilizoruka, kwa kuchoka kwa vyuma vyake, kwa kupatikana kwa vipuri, na zaidi ya yote kwa bajeti.

Pili, suala la nani ameamua. Mwezi Oktoba 2010 serikali ya Uingereza ilitangaza mapitio ya ulinzi wake, na ndani yake uamuzi wa kuziondoa ndege zote za Harrier ili kupunguza matumizi. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo ziliruka kwa mara ya mwisho katika utumishi wa nchi hiyo. Kwa uamuzi huo jeshi la majini la Uingereza lilibaki bila ya ndege za kivita za kuruka kutoka melini, hadi zilipoanza kujaribiwa ndege za F-35B katika meli ya HMS Queen Elizabeth mwaka 2018. Huo ni uamuzi mzito wa kisiasa, uliobishaniwa na Waingereza wenyewe. Mfasiri akiandika 'Harrier zilistaafu mwaka 2010', uamuzi unatoweka na wenye kuamua wanatoweka pia. Msomaji anabaki na picha ya mzee aliyechoka, na hana wa kumwuliza.

Jambo la tatu, yaani kupumzika, linahitaji sehemu yake.

3. Ndege iliyoondolewa iko wapi?

Karibu na mji wa Tucson, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, kuna kituo cha jeshi la anga kiitwacho Davis-Monthan. Tangu mwaka 1946 pamekuwa pakiwekwa ndege ambazo jeshi halizitumii. Hali ya hewa ya mahali hapo ni kavu, kwa hiyo kutu huchelewa. Na ardhi yake ni ngumu kiasi cha kwamba ndege huegeshwa juu ya udongo mtupu bila ya sakafu ya zege. Waandishi wa habari wamezoea kupaita mahali hapo makaburi ya ndege, na wafasiri wetu wamewafuata. Lakini wanaofanya kazi pale hawana aina moja ya ndege. Wanazo aina nne, nazo hutajwa kwa nambari.

Aina ya 1000 ni ndege iliyohifadhiwa kwa muda mrefu ikitazamiwa kwamba huenda ikarudi kazini: humwagwa mafuta, hupitishwa mafuta mazito ya kuzuia kutu, huzibwa matundu yake na kupakwa utando mweupe wa kuzuia vumbi na joto. Aina ya 2000 ni ndege iliyowekwa ili inyofolewe vipuri kidogo kidogo kwa ajili ya nyingine zirukazo. Aina ya 3000 imewekwa kwa muda mfupi tu na iko tayari kuruka. Injini zake huwashwa kila baada ya muda. Aina ya 4000 imekwisha kukatiwa tamaa: hutolewa kinachofaa, kisha mwili wake huuzwa kama chuma chakavu.

Fundi wa Tucson akichanganya aina hizo nne atafukuzwa kazi. Mfasiri wa Kiswahili huziita zote 'ndege zilizostaafu', naye hupongezwa kwa ufasaha wake.

Tofauti hizi si za karatasi. Ndege moja ya B-52 iliyowekwa Davis-Monthan mwaka 2008 ilirudishwa ikaruka mwaka 2015. Nyingine, iliyowekwa mwaka huohuo, ilirudishwa mwaka 2019. Ndege za F-117, zile zilizobuniwa zisionekane kwa urahisi na rada, ziliagwa hadharani mwaka 2008, lakini baadaye zilionekana zikiruka, na mwaka 2021 Jeshi la Anga la Marekani lenyewe lilitoa picha zake zikishiriki mafunzo. Ndege kadhaa za F-16 zilitolewa ghalani, zikageuzwa kuwa ndege zisizo na rubani, zikarushwa ili marubani wazilenge kwa makombora. Kwa binadamu hatuna neno la mstaafu anayerudishwa kuwa shabaha, na inafaa tushukuru kwamba hatuna.

Zipo pia ndege ambazo lazima zife, na kufa kwake ni kwa mujibu wa sheria. Chini ya mkataba wa kupunguza silaha za nyuklia uliotiwa saini na Marekani na Umoja wa Kisovieti mwezi Julai 1991, ndege 365 za B-52 zilikatwa vipande Davis-Monthan, na vipande hivyo vikaachwa wazi kwa siku 90 ili setilaiti za upande wa pili zivione. Hapa kitenzi ni kifungu cha mkataba. Mkalimani anayesema kwamba ndege hizo 'zilistaafu' atakuwa amesema jambo ambalo mkataba haukulikubali, kwa kuwa ndege iliyowekwa tu huweza kurudi, na kilichotakiwa ni kwamba zisirudi kamwe. Vivyo hivyo, baada ya Marekani kuziondoa ndege zake za F-14 mwaka 2006, nyingi zilisagwa ili vipuri vyake visije vikaifikia Iran, nchi pekee nyingine iliyokuwa ikizitumia. Kusagwa kulikuwa ndiyo maana yote ya habari hiyo.

4. Ndege inayobadili mwenyewe

Sasa turudi kwa mwalimu yule. Uholanzi iliziondoa rasmi ndege zake za F-16 mwezi Septemba 2024, mahali pake pakachukuliwa na F-35. Lakini Uholanzi hiyohiyo ilikuwa imeahidi kuipa Ukraine ndege 24 kati ya hizo, na Denmaki ilikuwa imeahidi 19. Mwezi Agosti 2024 Ukraine ilitangaza kwamba marubani wake wameanza kuzitumia F-16, na kabla ya mwaka kwisha za Uholanzi zilikuwa zimeanza kuwasili. Kwa Mholanzi, ndege imeagwa kwa sherehe. Kwa Mukraine, ndege imepokewa kwa vita. Neno 'kustaafu' ni la kweli kwa shida upande mmoja, na ni uongo mtupu upande wa pili.

Mifano ya namna hii ni mingi. Zile Harrier za Uingereza tulizozitaja, 72 kati yake ziliuzwa kwa Marekani mwezi Novemba 2011 pamoja na vipuri vyake kwa pauni milioni 116, ziwe hazina ya kunyofolea vipuri vya Harrier za Wanamaji wa Marekani. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, Kenya ilinunua ndege za F-5 zilizokwisha kutumika Yordani mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, na ununuzi huo ulizua mjadala. Mlipa kodi katika mjadala wa aina hiyo anataka kujua jambo moja: ndege hiyo iliondolewa kwa hali gani? Iliwekwa akiba ikitunzwa, au ilinyofolewa vipuri? Taarifa ikimwambia kwamba serikali inanunua 'ndege zilizostaafu', itakuwa imemchekesha tu, wala haikumwarifu. Na ikimwambia 'ndege chakavu' ilhali zilitunzwa, itakuwa imemdanganya kwa upande mwingine. Mbunge, mhasibu na mwandishi wa habari wote wanategemea neno moja alilochagua mfasiri asiyejulikana kwa jina.

Katika ofisi zetu za serikali neno la jambo hili lipo. Mali ikitoka mikononi mwa idara moja ikaingia mikononi mwa nyingine husemwa imehaulishwa. Mali isiyotakiwa tena huondoshwa kwa taratibu za uondoshaji wa mali za umma, na hufutwa katika daftari. Afisa ugavi anayajua maneno haya kama ajuavyo jina lake. Hatuoni sababu ya gari la wizara kuondoshwa kwa Kiswahili makini, na ndege ya kivita kustaafu.

5. Neno 'kuvunja'

Neno la pili ni kuvunja. Mwezi Mei 2001 serikali ya Nyuzilandi, chini ya Waziri Mkuu Helen Clark, ilitangaza kwamba itaondoa nguvu yake yote ya ndege za kushambulia. Mwaka uliotangulia serikali hiyo ilikuwa imekwisha kufuta mpango wa kukodi ndege 28 za F-16. Kabla ya mwaka 2001 kwisha, vikosi viwili vya ndege za Skyhawk na kimoja cha ndege za mafunzo za Aermacchi vilifungwa. Skyhawk zilikuwa 17, na Aermacchi 17. Ziliwekwa ghalani kwa zaidi ya miaka kumi zikitafutiwa mnunuzi, hata mwaka 2012 Skyhawk nane zikauzwa kwa kampuni ya Marekani ya Draken, zikarushwa huko kwa ajili ya kuwafunza marubani wa kijeshi. Nyingi ya zilizobaki ziligawiwa makumbusho.

Mfasiri akiandika kwamba Nyuzilandi ilivunja jeshi lake la anga, atakuwa ametenda makosa mawili. Kosa la kwanza ni la ukweli: jeshi hilo halikuvunjwa. Lilibaki na ndege zake za doria baharini na za uchukuzi, likaendelea na jina lake na makamanda wake. Kilichoondolewa ni vikosi vya mapigano peke yake.

Kosa la pili ni la historia yetu sisi wasemaji wa Kiswahili. Katika nchi zetu, kuvunja jeshi ni maneno yenye uzito wake. Mwezi Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania kwa misingi mipya. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa Jeshi la Anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali. Jeshi hilo likavunjwa, likapewa jina jingine lenye nambari 82, wala halikurudishiwa jina lake la kwanza hadi mwaka 1994. Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, jeshi lililovunjwa ni jeshi lililoasi. Akisoma kwamba Nyuzilandi ilivunja jeshi lake la anga atauliza mara moja: walimwasi nani? Hakuna aliyeasi. Ilikuwa ni hesabu ya fedha na sera.

Kuna jambo jingine linalofanya neno kuvunja lisifae kwa vikosi. Kikosi cha ndege ni zaidi ya ndege zake: kina nambari, bendera na historia, na mara nyingi hivyo huhifadhiwa. Kikosi nambari 617 cha Uingereza, kilichorusha Tornado, kilifungwa mwaka 2014, kikaundwa upya mwaka 2018 kwa ndege za F-35B. Kikosi nambari 17 cha India kilifungwa mwaka 2016, kikarudishwa mwaka 2019 kupokea ndege za Rafale. Kilichovunjika hakirudi hivyo. Tunapendekeza neno kukunja. Bendera hukunjwa, na jamvi hukunjwa shughuli ikimalizika. Na kilichokunjwa huweza kukunjuliwa. Kikosi nambari 17 kilikunjwa mwaka 2016, kikakunjuliwa mwaka 2019. Sentensi hiyo haihitaji maelezo, na herufi moja tu imetosha kuitenga na maasi.

6. Neno 'kupungua'

Neno la tatu limejificha zaidi, kwa kuwa kosa lake limo katika mnyambuliko. Huandikwa: majeshi ya anga yamepungua. Pungua ni kitenzi kisicho na mtendaji. Maji hupungua mtungini, na homa hupungua mwilini. Lakini Kiswahili kimetupa punguza, punguzwa na pungukiwa, na kila kimoja kina hadithi yake.

Nyuzilandi ilipunguza: serikali ilikusudia, ikatangaza, ikatenda. Majeshi ya Ulaya yalipunguzwa kwa mapatano: mkataba uliotiwa saini Paris mwezi Novemba 1990 uliweka kikomo cha ndege za kivita 6,800 kwa kila kundi la nchi, Magharibi na Mashariki, na zilizozidi zilitakiwa kuondolewa kwa njia zilizoandikwa. India, kwa upande wake, ilipungukiwa. Vikosi vilivyoidhinishwa ni 42, kila kimoja kikiwa na ndege kati ya 16 na 18 kwa kawaida. Zilipoondoka MiG-21, vilibaki 29. Hakuna serikali ya India iliyokusudia kuwa na 29. Ndege za Tejas zilizotarajiwa kushika nafasi zilichelewa, mojawapo ya sababu ikiwa ni kuchelewa kwa injini kutoka Marekani. Ndege 83 ziliagizwa mwaka 2021, na nyingine 97 ziliagizwa tarehe 25 Septemba 2025, yaani siku moja kabla ya kuziaga MiG-21. Ufilipino nayo ilipungukiwa: ilipoziondoa F-5 zake mwaka 2005, ilikaa takriban miaka kumi bila ya ndege ya kivita yenye kasi ipitayo ya sauti, hadi zilipowasili za kwanza za FA-50 kutoka Korea ya Kusini mwezi Novemba 2015.

Kuandika juu ya nchi zote hizo kwamba 'zimepungua' ni kumweka mtu aliyefunga kwa hiari katika sentensi moja na mtu aliyekosa chakula. Wote wawili hawakula. Lakini atakayesema kwamba habari zao ni moja hajui njaa.

Hapa inafaa tuonye pia dhidi ya kosa la upande wa pili, nalo ni kuandika 'kudhoofika' mahali pa kupunguza. Idadi ni jambo moja na uwezo ni jingine. Nchi huweza kuondoa ndege nyingi za zamani ikaleta chache za kisasa, na mjadala wa kama imepata au imekosa huwa mkali. Mjadala huo si wa mfasiri. Kazi yake ni kuacha idadi iwe idadi.

7. Mapendekezo

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe. Hatukubuni neno jipya hata moja. Yote yamo katika matumizi ya ofisini, karakanani au nyumbani.

(a) Kuondoa katika utumishi: liwe neno la jumla, litumike pale ambapo mfasiri hajui ndege imepelekwa wapi. Kitenzi kibaki na mtendaji wake: 'Uingereza iliziondoa', si 'ziliondoka'.

(b) Kuweka akiba: kwa ndege iliyotunzwa ili iweze kurudi. Tunao tayari askari wa akiba. Basi tuwe na ndege za akiba, za muda mrefu au za muda mfupi.

(c) Kunyofoa vipuri: kwa ndege iliyowekwa ili ilishe nyingine. Ndege yenyewe iitwe ndege ya vipuri.

(d) Kukongoa: kwa ndege inayofunguliwa kabisa na kuuzwa kama chuma. Baada ya hapo, na si kabla, iitwe chakavu.

(e) Kuteketeza: kwa ndege iharibiwayo kwa kusudi, hasa kwa mujibu wa mkataba, kama tusemavyo kuteketeza silaha. Namna ya kuteketeza itajwe: kukatwa au kusagwa.

(f) Kuhaulisha: kwa ndege iuzwayo au itolewayo kwa nchi au kampuni nyingine.

(g) Kukunja na kukunjua: kwa vikosi. Kuvunja kubaki kwa jeshi lililofutwa kweli.

(h) Kupunguza, kupunguzwa na kupungukiwa: vitumike kwa kuzingatia nani ametenda. Kupungua kutumike pale tu ambapo mtendaji kweli hajulikani.

Wako watakaouliza iwapo mwandishi wa habari mwenye dakika kumi kabla ya taarifa ya saa mbili atakuwa na nafasi ya kuchagua kati ya maneno manane. Jibu letu ni kwamba hahitaji kuyakumbuka yote. Anahitaji kuuliza maswali mawili tu: nani ameamua, na ndege imekwenda wapi? Akiyajua majibu, neno litamjia, kwa kuwa ni lake tangu utotoni. Asipoyajua, kifungu (a) kitamtosha, na atakuwa hakusema asilolijua.

Neno kustaafu hatulifukuzi. Libaki kwa rubani. Wengi waliorusha MiG-21 wamestaafu kweli, kwa heshima, nao wana barua.

8. Hitimisho

Tumeeleza kwamba tatizo la istilahi hizi si uhaba wa maneno. Kiswahili kinayo, na karani wa utumishi, afisa ugavi na fundi wa karakana huyatumia kila siku. Tatizo ni kwamba mfasiri, anapokutana na jambo la mbali, husahau kwamba lugha yake imekwisha kuliwaza jambo hilo kwa karibu, akashika sitiari ya lugha ya kigeni na kuileta nzimanzima. Hasara yake haimpati mfasiri. Humpata mwananchi ambaye siku moja ataombwa aikubali bajeti ya kununua ndege, au aukubali mkataba wa kuziondoa, na ambaye kwa siku hiyo atahitaji kujua kama ndege inayozungumzwa imewekwa akiba, imehaulishwa, imenyofolewa au imeteketezwa.

Mwalimu yule amekwisha kujibiwa kwa barua: ndege za Uholanzi hazikustaafu, ziliondolewa katika utumishi, na baadhi yake zikahaulishwa kwa Ukraine. Orodha ile iliyopitishwa kwa makosa nayo imefunguliwa upya. Wasomaji walio katika ofisi za serikali, vyumba vya habari na madarasa wanaombwa wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee maoni yao, hasa pale ambapo neno lililopendekezwa limewakwaza, ili yaingizwe katika orodha kabla haijafungwa.